Picha ya Kumtafutia Baba

Nyumbani kwetu picha zilikuwa nyingi kuliko viti, na Baba hakuwemo hata kwenye moja. Ukuta wa sebuleni ulijaa watu: Mama akiwa bibi harusi, mimi sina meno ya mbele, Kaka ndani ya suruali ya shule inayoburuza chini, shangazi, binamu, majirani waliohama zamani. Ukiuliza Baba yuko wapi, jibu ni lile lile: "Ndiye aliyepiga." Kinyozi hajinyoi. Maisha yake yote alisimama nyuma ya kamera akiamrisha watu watabasamu, mpaka mtaa mzima ukamwita Mzee Tabasamu, ingawa yeye mwenyewe kutabasamu kulikuwa kama anatozwa ushuru.

Mimi sikuwahi kuliona hilo kuwa tatizo. Nililiona siku ile askari wa zamu aliponiuliza, "Mna picha yake ya karibuni?" nikaukumbuka ule ukuta wetu wa sebuleni.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Mama humdunga Baba sindano ya sukari kila asubuhi, kisha humpa chai na mkate papo hapo. Daktari alituonya kwamba sindano bila chakula ni hatari: sukari inashuka, mtu anatokwa jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa, anaanguka, na asipopewa kitu kitamu mapema anaweza asiamke tena. Basi Mama alimdunga, akageuka kumimina chai. Aliporudi na kikombe, kiti kilikuwa kitupu na mlango wa mbele umeachwa wazi.

Akanipigia simu. Naishi mtaa wa pili, nina cherehani yangu barazani, nashonea watu. Nilitoka mbio hivyo hivyo, futi ya kupimia shingoni na pini kifuani, kama mwehu.

Akili ya Baba ilikuwa imeanza kuchuja tangu mwaka uliotangulia. Mimi aliniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa, na Kaka alimwita "bwana mdogo" kama mteja. Lakini jambo moja hakulisahau: kazi. Alikuwa akiamka anatafuta viatu, anasema watu wanamngoja studio. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumpigia alikuwa Fundi, mwenye studio.

"Hajafika hapa, dada," Fundi akanijibu. "Kuna nini?"

"Ametoka na sindano mwilini, chai hajanywa!"

Nikasikia kitu kinaanguka upande wa pili wa simu.

Tukazunguka mitaa yote ya karibu, mimi kwa miguu na Kaka kwa pikipiki yake. Tukauliza dukani, kwa kinyozi, kwenye kisima. Hakuna. Nikaenda polisi, na ndipo askari yule, mtu mwenye adabu zake, akasema atawaambia wenzake, ila tulete picha na tuzibandike palipo na watu wengi. Nikarudi kwa Mama nikiwa nahema.

Kaka akatoa simu. "Mimi ninayo," akasema.

Alikuwa amempiga Baba picha kwa kuvizia, mezani, wiki chache nyuma. Baba kamkazia macho kwa hasira, kijiko mkononi, na kovu lake lote linaonekana: linaanzia kwenye paji la uso, linakata nyusi ya kushoto katikati, linashuka hadi kwenye shavu, na kope ya jicho hilo imelala nusu. Kovu hilo alilipata kwenye chumba cha giza kabla mimi sijazaliwa. Taa ya kukuzia picha ilimpasukia usoni. Mtaa mzima ulimjua kwa kovu hilo. Watoto wadogo walimkimbia, na watu wazima walielekezana kwalo: muulize yule mzee wa kovu.

"Nitumie niipeleke studio," nikamwambia Kaka.

"Studio ya nini? Printa si ninayo? Wewe hujafika hata mjini, mimi nimeshachapa."

"Printa yako! Ukichapa nyanya linatoka tango!"

"Na huyo Fundi wenu atakupanga foleni nyuma ya maharusi. Nenda, Pilipili. Kapange foleni."

Pilipili ndilo jina alilonipa tangu utotoni, na siku ile lilinichoma kweli. Lakini niwaeleze basi ugomvi huu ulikotoka, maana haukuanza asubuhi ile.

Kaka alitaka sana kazi ya Baba. Alipokuwa kijana aliomba afundishwe, na Baba akamwambia mkono wake mzito, akatafute kazi nyingine. Kisha akamchukua kijana wa watu, asiye na ndugu mjini, akampa godoro nyuma ya studio na kumfundisha kila kitu: dawa, giza, karatasi, na baadaye kompyuta na ile mashine kubwa ya kuchapia picha. Kijana huyo ndiye Fundi wa leo, mwenye kitambi na studio. Zaidi ya yote Baba alimfundisha kulainisha nyuso. Enzi za filamu alifanya kwa penseli iliyochongwa kama sindano, enzi za kompyuta akafanya kwa kipanya, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Chunusi, makovu, macho mekundu, vyote vilifutwa. Alikuwa na sheria moja, nayo aliisema kama sala: "Uso hautoki humu na jeraha." Watu walimpenda kwa hilo. Mwanamke aliyeungua na maji ya moto alikuja kupigwa picha, akaondoka akiibusu bahasha.

Kaka, kwa kisirani chake, akanunua printa ya nyumbani. Akaanza kuchapa picha za watoto wake na za majirani, akitamba kwamba siku hizi hakuna haja ya kwenda kwa mtu, unachapa ukiwa na kaptura. Siku moja akamletea Baba picha moja, amefurahi kama mtoto. Baba akachovya kidole kwenye glasi ya maji, akakipitisha juu yake. Wino ukatiririka. "Hii ni picha au ni chozi?" akauliza. "Mashine ya kutemea wino hiyo." Kaka aliichukua picha yake akatoka bila kuaga. Tangu siku hiyo printa ikawa ni heshima yake, na mimi, Mungu anisamehe, nikawa naikejeli kila nikipata nafasi.

Sasa Baba yuko barabarani sukari ikishuka, na sisi watoto wake tumesimama sebuleni tunashindanisha mashine. Mama akapiga meza kwa kiganja.

"Nyie watoto! Kila mtu aende na yake! Nendeni!"

Kaka akanirushia ile picha kwenye simu, tukaenda.

Studio ya Fundi haijabadilika sana. Mbele kuna kioo na kitana kilichofungwa kwa kamba kisiibiwe, ukutani maharusi wanaong'aa mpaka wanafanana wote kama mapacha. Nyuma ya kioo kikubwa ndiyo mashine, inanguruma, inatoa harufu ya karatasi ya moto. Fundi alikuwa ameshawaondoa wateja.

"Kaa, dada."

"Sikai. Fanya haraka."

Akaketi kwenye kompyuta, mgongo kwangu. Niliona tu mabega yake na mkono unaokwenda upesi upesi. Mara kwa mara aliinua bega akajifuta uso. Mimi nilikuwa nafungua na kukunja futi, nafungua na kukunja, macho kwenye mlango, kana kwamba Baba angeingia akauliza nani amekalia kiti chake.

Mashine ikaanza kuzitema, moja juu ya nyingine, zina joto na zimekauka kabisa. Nikapitisha kidole changu chenye jasho. Hakuna kilichotoka. Chini Fundi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba mzee anatafutwa, na namba yangu ya simu. Nikaangalia yale macho ya Baba, nikalia.

"Ni yeye?" Fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni yeye kabisa," nikasema, nikazikumbatia nikatoka.

Nilizibandika kila mahali. Kwenye lango la hospitali, kwenye ukuta wa benki, sokoni kwenye nguzo zote, na mwisho kituo cha mabasi, ambako mkata tiketi mmoja, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliniruhusu nibandike pembeni ya dirisha lake. Watu walikuwa wananiuliza, nawaonyesha. "Masikini, mzee mzuri," wakawa wanasema. "Hapana, hatujamwona." Nikarudi sokoni, nikarudi hospitali, nikapita wodi ya dharura nikichungulia kila kitanda. Kila simu ikiita naipokea mbio, kumbe ni Mama anauliza. Mchana ukafika na kupita. Nilikuwa nahesabu kichwani alichokula jana usiku, nikijidanganya kwamba labda kinatosha.

Niliporudi tena kituo cha mabasi, karatasi yangu ya pembeni ya dirisha haikuwepo. Nikachukia. Watu wana roho gani, wanabandua hata picha ya mzee aliyepotea? Mkata tiketi alikuwa amezingirwa na abiria, sikumuuliza, nikabandika nyingine. Ndipo mvua ikashuka, ile mvua isiyobisha hodi, na watu wote wakakimbilia chini ya paa.

Kaka akafika katikati ya mvua hiyo, pikipiki inatoa moshi, picha zake amezificha ndani ya shati.

"Umekwama wapi siku nzima?" nikamrukia.

"Wino uliziba. Nikasafisha. Karatasi nikaziweka kinyume, zikatoka matope matupu. Nikaanza upya. Sasa ninazo. Nishikie."

Akatoa moja. Jamani! Baba alikuwa wa kijani. Mistari imempita usoni kama mtu aliye nyuma ya nondo.

"Umemleta Baba au umeleta mboga?"

Kaka alitoka mpaka kwenye ukuta wa nje, akaibandika. Tukasimama tukiangalia. Mvua ikapeperushwa pale, na uso wa Baba ukaanza kuyeyuka, kijani ikashukia shingoni, macho yakashukia mdomoni, mpaka ikabaki karatasi yenye doa. Kaka mabega yalimshuka. Nilimwonea huruma, sikatai, lakini hasira ilikuwa imetangulia.

"Si alikwambia?" nikasema. "Si alikwambia Baba kwamba ni chozi?"

"Na zako zimesaidia nini?" akanigeukia. "Mji mzima umejaa zako zisizolowa. Yuko wapi?"

Hapo ndipo Mama alipoingia chini ya paa, khanga imemng'ang'ania mwilini kwa maji, chupa ya chai kwapani na kikombe cha Baba mkononi. Alikuwa amechoka kukaa nyumbani. Chai aliitia sukari nyingi, alisema, ili Baba akionekana tu anywe pale pale, isije ikatafutwa sukari.

Akaona picha kwenye ukuta pembeni ya dirisha. Akasogea. Akaiangalia, akageuka kuniangalia mimi, akairudia.

"Huyu nani?"

"Mama, ni Baba."

"Huyu nani, nakuuliza? Kovu liko wapi?"

Nikaiangalia picha ile kana kwamba sijawahi kuiona. Paji la uso laini. Nyusi ya kushoto nzima, imekamilika. Kope iliyolala imeinuliwa, macho mawili sawasawa, ngozi kama ya mtu aliyelelewa kivulini. Alikuwa mzee mzuri kweli, kama walivyosema watu. Tangu asubuhi nimekuwa nautafutisha mji mzima mtu asiyekuwepo.

Nikampigia Fundi, nikamwambia tuko kituo cha mabasi. Nilitaka kumtukana, lakini maneno yaliyotoka yalikuwa machache. "Umefuta kovu."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Dada, sikukusudia. Wallahi sikukusudia. Mkono umekwenda wenyewe. Mzee mwenyewe ndiye... uso hautoki humu na jeraha. Miaka yote hii, dada, sijatoa uso na jeraha. Na leo uso wake yeye!" Akaanza kulia kama mtoto. "Nakuja. Nachapa nyingine nakuja."

"Utachapa mpaka lini?" nikasema, lakini alishakata.

Mama alikuwa amemgeukia Kaka. "Na wewe? Una nini?"

Kaka akaingiza mkono kwenye koti akatoa ile bahasha ya plastiki anayowekea karatasi za pikipiki. Ndani alikuwa ameweka picha moja, ile aliyoona imetoka afadhali kuliko zote. Ilikuwa na mistari vile vile na ukijani wake, lakini maji hayakuifikia. Na kovu lilikuwepo, refu, limekata nyusi, na jicho limelala, na ile hasira ya kijiko mkononi.

"Huyu ndiye," Mama akasema. Akaichukua, akaenda nayo moja kwa moja dirishani kwa mkata tiketi.

Yule mama akavuta miwani yake ya kamba. "Ala!" akasema. "Huyu si yule mzee anayewasaidia kutafuta?"

"Kutafuta nani?" nikauliza.

"Yule mliyempoteza! Amekuwa hapa tangu asubuhi, ulipoondoka tu wewe. Alisimama mbele ya picha yako, akaiangalia weee, akaniambia, 'Kazi safi hii.' Halafu akaibandua taratibu kwa ukucha. Akasema itaharibiwa na mvua, yeye atazunguka nayo. Basi anapita basi kwa basi, anawauliza madereva na abiria kama wamemwona mzee huyu. Mimi nikajua ni ndugu yenu mkubwa. Nilimwona anatetemeka, nikampa soda na biskuti, nikamwambia apumzike. Akakataa, eti watoto wa watu wanahangaika."

Kaka alikamata ukingo wa dirisha. "Ameelekea wapi?"

"Mvua ilipoanza alikwenda kule nyuma, kunakooshwa mabasi."

Tulikimbia. Mama naye alikimbia, chupa kwapani, mwanamke wa umri wake, kwenye matope yale ya mafuta na sabuni. Nyuma ya kituo mabasi mabovu yamepangwa, na kati yao kuna kijibanda cha bati. Nikaita "Baba!" kwa sauti iliyonitisha mwenyewe. Sikusikia kitu, mvua tu juu ya bati.

Kaka ndiye aliyemwona. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, amelowa chapachapa, viatu vya kazini miguuni. Mkono mmoja ameuingiza ndani ya shati, amekumbatia kitu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na midomo inatetemeka. Nikamshika mkono, ulikuwa baridi na unateleza kwa jasho. Soda ya yule mama ilikuwa imemfikisha hapo, na ilikuwa imekwisha.

Mama alipiga magoti, akamimina, akampelekea kikombe mdomoni. Baba akageuza uso.

"Baadaye," akasema. Ulimi ulikuwa mzito. "Nina kazi."

"Kunywa, mume wangu. Kunywa kwanza."

"Kwanza apatikane huyu." Akatoa mkono ndani ya shati, na mkononi alikuwa na picha ya Fundi, kavu, haina hata doa. "Mzee huyu amepotea. Watoto wake wanahangaika, mama. Mtu anywe chai watoto wa mwenzake wanalia?"

Mama akajaribu tena. Baba akakisukuma kikombe, na nusu ya chai ikamwagikia kwenye matope. Kaka akataka kumshika kichwa kwa nguvu, lakini meno ya Baba yalikuwa yamebana, na macho yake yalikuwa yanaanza kupanda juu.

"Baba, ni wewe," nikamwambia. Nililia, sikujificha. "Baba, huyo mzee ni wewe. Umepatikana. Kunywa."

Akaniangalia kama mteja msumbufu. Akainua kidole, polepole, akakipitisha juu ya kovu lake mwenyewe, kutoka kwenye paji la uso hadi shavuni.

"Binti, mimi nina hili," akasema. "Huyu uso wake mzima. Usinidanganye."

Fundi akatokea wakati huo, ameelekezwa na mkata tiketi, amelowa, bahasha ya picha mpya kifuani. Akamwona, akaanguka magotini mbele yake. "Mzee wangu, nisamehe. Ni wewe. Mimi ndiye niliyefuta."

Baba akampa ile picha aitazame. "Wewe unaonekana una jicho. Angalia hii. Aliyefanya kazi hii anajua kazi. Nani kamfundisha?"

"Mzee mmoja," Fundi akasema, hawezi hata kuinua kichwa.

"Yu hai?"

"Yu hai, mzee."

"Basi mpe salamu." Na kichwa chake kikaanza kuinama. Fundi akatoa picha zake mpya, lakini kwa haraka yake bahasha ikafunguka, zikamwagika zote matopeni kifudifudi. Mama alikuwa anamimina chai ya mwisho. Niliisikia ikitoka kwenye chupa kwa kukoroma, na baada ya hiyo hatukuwa na nyingine.

Kaka akanisogeza kando. Akapiga magoti, akatoa ile bahasha yake ya plastiki, akaishika mbele ya uso wa Baba. Mkono wake mzito ulikuwa umetulia kabisa.

Baba akainua jicho moja, kisha la pili, lile linalolala. Akakunja uso.

"Nani kachapa uchafu huu?"

"Mimi, Baba."

"Imetoka kwenye ile mashine ya kutemea wino."

"Ndiyo, Baba."

Baba akaweka kidole juu ya plastiki. Akakipitisha juu ya kovu la kijani, kutoka kwenye paji la uso, juu ya nyusi iliyokatika, hadi shavuni. Kisha akainua kidole hicho hicho akakipitisha usoni mwake, njia ile ile. Akarudia.

"Huyu namjua," akasema.

Akamshika Kaka bega, akajiegemeza kwake, maana nguvu zilikuwa zimemwishia.

"Bwana mdogo," akasema, "mama yake watoto atakuwa na wasiwasi. Mwambieni nimepatikana."

Mama alikuwa ameshakiweka kikombe kwenye mdomo wake.

"Nimeshaambiwa," akasema. "Kunywa chai."

Akanywa.